Hodi kwenye Kisiwa cha Mikuyu

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu zimenifikia pamoja na ujumbe wenu. Joha ndiye aliyeuleta, huyo Joha niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma maji na ambaye leo ni nahodha wenu. Ameniambia kwamba masika haya mafuriko yameung'oa mkuyu mmoja kwenye mkia wa kisiwa, na pengo limebaki wazi. Ameniambia pia kwamba nyinyi vijana wa kivukoni mnasema Mungu mwenyewe ameanza kuifungua njia, nasi tummalizie kazi: tuikate mikuyu iliyobaki, tuchimbe mchanga, na boti za mpunga zipite moja kwa moja badala ya kuizunguka kona ile ndefu. Mnataka kujua nina neno gani. Ninalo, ila ni refu kama kona yenyewe. Chukueni viti.

Mtaona kwamba nazitaja tarehe sana. Nivumilieni. Niliingia darasa la kisomo pale Michenga nikiwa tayari mama wa mtoto mmoja, na mwalimu wetu alikuwa haandiki neno lolote ubaoni kabla ya kuandika tarehe. Hivyo nilijua kuandika tarehe kabla sijajua kuandika jina langu, Skolastika, ambalo kwa kweli ni jina refu kumtwika mtu asiyejua kusoma. Baadaye nilisonga hadi kidato cha nne, katika umri ambao ningeweza kuwa mama mkwe wa baadhi ya walimu. Sioni haya kujisifu kwa hilo. Aliyekula kwa jasho lake haombi radhi kwa shibe yake.

Kazi yangu ilikuwa ya mbele ya boti. Mume wangu Benedikto alishika usukani nyuma, nami nikasimama mbele na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, nikiichomeka majini na kutangaza kina. Siku zile hatukutangaza kwa namba. Tulitangaza kwa mwili: goti, paja, kiuno, kifua, na maji yakizidi hapo tunasema "hakuna mtu." Aliyetufundisha alikuwa Mzee Kandidi, Mndamba wa bonde hili la Kilombero, aliyezaliwa karibu na maji kiasi kwamba alikuwa akitembea nchi kavu kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mrefu mno. Mimi, kama mnavyonijua, Mungu aliishiwa udongo mapema.

Wiki yangu ya kwanza nilitangaza "kiuno!" kwa sauti ya ushindi. Benedikto akakaza mwendo. Boti iliyojaa magunia ikapanda fungu la mchanga na kusimama hapo kama ng'ombe aliyekataa kuvuka.

"Ulisema kiuno," Benedikto alilalamika.

"Ni kiuno," nikajibu, nikashuka majini ili nimwonyeshe. Maji yalinifika kiunoni barabara.

Mzee Kandidi alituangalia kutoka juu ya magunia. "Binti," alisema, "humu mtoni kiuno ni changu. Chako kiache nyumbani."

Siku ile ile aliichukua pondo yangu, akanisimamisha kando yake na kuikata alama kwa kisu kufuata goti lake, paja lake, kiuno chake. Mzee huyo amelala makaburini Ifakara miaka mingi sasa, lakini mwili wake bado ndio unaopima mto huu. Pondo mnazotumia leo zilinakiliwa kutoka ile yangu. Mnapotangaza kifua, ni kifua chake.

Jambo la pili alilotufundisha ni hodi. Kila tulipokaribia kona tusiyoweza kuona nyuma yake, alimtaka Benedikto azime mashine, kisha mimi nigonge ubavu wa boti kwa kitako cha pondo na kungoja. Viboko walio chini ya maji huinuka kuvuta pumzi na kutazama nani anagonga, na hapo unajua upite wapi. Nilipokuwa na haraka ya ujana nilimuuliza kwa nini tusitegemee mlio wa mashine, maana kiboko ana masikio.

"Mashine haibishi hodi," alisema. "Mashine inapiga kelele. Kiboko ni mwenye nyumba, mwanangu. Ukimbishia hodi, atakuonyesha alipo. Usipobisha, atakuonyesha wewe ulipo."

Ningependa muuone mto kama nilivyouona katika miaka ile, kwa sababu naamini bado uko hivyo hivyo kwa anayezima mashine. Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu hulala juu ya maji hadi hujui boti inaelea juu ya kipi. Milima ya Udzungwa inakuwa imeondoka, kisha inarudi kidogo kidogo, kama mtu anayekumbuka jina. Sheshe, wale swala wetu wenye rangi ya majani makavu, husimama mbugani miguu yao ikiwa imemezwa na ukungu, na vichwa vyao huelea juu yake bila miili. Nilikuwa nikichomeka pondo katika weupe ule na kusikia mchanga wa chini ukinijibu kwa mikono yangu: huu mzito, huu mwepesi, huu umehama jana. Mara nyingine sikujua kama niko macho. Benedikto alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili tu, ile sauti ya kuitikia, akaiacha sauti ya kwanza wazi. Nilimuuliza ni nani anayeiimba ya kwanza. Akasema, "Maji."

Sasa nifike kwenye mikuyu.

Kila mwaka mafuriko yalipopungua, tulikuwa tukiichomeka miti kando ya mkondo ili boti zisipotee. Mchanga wa Kilombero hauna kwao. Fungu lililokuwa hapa mwaka huu, mwakani liko kule. Kanuni ya Mzee Kandidi ilikuwa moja: mti wa alama lazima uwe mkavu, na ncha yake ichomwe motoni hadi iwe nyeusi, usioze. Mwaka mmoja yeye alikuwa Mahenge msibani. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pentekoste, mpunga umekwisha kukatwa na magunia yanangoja. Miti mikavu ilikuwa mbali, na mkuyu ulikuwa pale pale ukingoni, laini kwa panga. Benedikto alikata matawi mazito ya mkuyu mbichi, akayanoa ncha, nami nikayashikilia wakati anayagongomea kwenye fungu la mchanga lililo katikati ya mto. Tulirudi nyumbani tukijiona werevu.

Mzee aliporudi, alama zetu zilikuwa zimetoa majani.

Alicheka hadi akaishika boti asianguke. "Nimewatuma mweke alama, nyinyi mmelima shamba!" Watu wa kivukoni walitutania mwezi mzima. Salehe, rafiki mkubwa wa Benedikto na mchukuzi mwenzetu, alikuwa akitupungia kutoka kwenye boti yake: "Shemeji, tuitie siku ya kuvuna!"

Tulikusudia kuing'oa. Benedikto akasema haina haja, masika yajayo yataiondoa. Masika yalikuja, maji yakaifunika hadi hatukuiona tena. Yalipopungua, mikuyu ilikuwa imesimama palepale, imeinama kidogo kufuata mkondo, kila mmoja umekamata kitita cha matete na mchanga shingoni. Mwaka uliofuata mchanga ulikuwa umeongezeka. Kisha majani yakaota juu ya mchanga, kisha mafunjo, kisha ndege. Kisiwa mnachokitazama leo kilianza kama kosa la watu wawili wenye haraka, na kilikua polepole kama ndoa yao.

Benedikto alifariki siku iliyofuata Jumatano ya Majivu. Msalaba wa majivu ulikuwa bado haujafutika kwenye paji la uso wake. Aliniachia boti mbili zenye mashine ndogo, na binti yetu Fortunata akiwa katikati ya masomo yake ya uuguzi. Nilimkabidhi Joha usukani wa boti ya kwanza, nami nikabaki mbele na pondo yangu. Kwenye boti ya pili nilimweka mtu wa kuajiriwa. Sikuwa na muda wa kuwa mjane wa kukaa mkekani.

Mwaka uleule wachukuzi walinunua mashine kubwa, na kisiwa kikageuka kero. Kilikuwa kimetukalia juu ya njia fupi. Boti zililazimika kuzunguka kona ndefu, na daraja lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Malori yalikuwa yanachukua mpunga kwa kila mkulima aliyechoka kutungoja. Tarehe ishirini na tatu Juni, mkesha wa Yohane Mbatizaji, tulikutana bandani kivukoni. Salehe alikuwa ndiye mwenyekiti wetu. Kulikuwa pia na bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu siku chache kabla, ambaye alikuja amevaa jaketi la kuokolea tangu bandani.

"Bwana samaki, hapa ni nchi kavu," mtu alimwambia.

"Najua," alisema. "Ninazoea."

Hoja ilikuwa kukata mikuyu kesho yake na kuchimba mkia wa mchanga. Nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi hudhani nilikwenda mkutanoni kuitetea miti ya marehemu mume wangu. Nilikwenda nikiwa nimekwisha kukubali ikatwe. Mashine zangu zilikuwa ndogo kuliko zote. Kona ile ilinila mafuta na muda kuliko ilivyomla Salehe. Bila njia fupi ningepoteza shehena ya msimu, na bila shehena ile Fortunata angerudi nyumbani na masanduku yake. Niliketi pale nikiona mikono ikiinuka mmoja baada ya mwingine, wangu ukiwa tayari magotini ukijiandaa.

Salehe aliniangalia. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya chini. "Shemeji, bila neno lako hatukati. Ile miti ni ya Benedikto."

Kama angenitania, ningeinua mkono. Heshima yake ndiyo iliyonikwamisha. Nikaona ghafla kwamba tunakwenda kuingia mahali bila kugonga.

"Mimi siwazuii," nikasema. "Naomba kitu kimoja. Kabla ya shoka, tubishe hodi."

"Kwa nani?"

"Kwa walioko."

Watu walicheka. Mmoja akasema, "Mama Fortunata, na wakituambia karibu, tutakula huko huko?" Lakini mnawajua watu wetu: unaweza kumnyima mtu chakula, huwezi kumkataza kubisha hodi. Salehe alikuna kidevu. "Sawa. Tutakwenda na mashoka, na tutabisha."

Asubuhi ya Yohane Mbatizaji tuliondoka kwa boti tatu. Ukungu ulikuwa mzito, na mbele ya kisiwa Joha alizima mashine, wengine wakazima. Kimya kilishuka juu yetu polepole, kama shuka linalotandikwa. Mikuyu ilitokea mmoja mmoja, mikubwa kuliko nilivyoikumbuka, na mizizi yake nyeupe ikiwa imeshika maji kama vidole vinavyopima joto la uji wa mtoto. Nilikuwa nimeiona kila siku kwa miaka, ila siku zote nikiwa napita.

Nikagonga. Sauti ilikwenda ndani ya ukungu na haikurudi. Nikangoja.

Kwanza ndege waliinuka kutoka mkiani. Ni wale weusi kwa juu na weupe kwa chini, wenye mdomo mwekundu ambao taya lake la chini limelipita la juu, wanaoruka wakiyachana maji kama mtu anayekata kitambaa. Walituzunguka wakilia, wasitake kwenda mbali. Bwana samaki alisema kwa sauti ndogo, "Tusishuke mchangani. Wanataga hapo, mayai yao yanafanana na mchanga wenyewe. Wimbi la boti moja tu linatosha kuyaondoa." Kisha maji ya njia fupi, pale pale tulipotaka kupitisha boti, yalivimba na kupumua. Kiboko jike aliinuka. Mgongoni mwake, kama furushi lililosahauliwa, alikuwa na mtoto. Alitutazama bila hasira. Alikuwa na sura ya mama mwenye nyumba aliyeamshwa mapema, anayengoja mgeni aseme shida yake.

Shida yetu ilikuwa mashoka.

Tuliteleza kwa pondo hadi nyuma ya kisiwa, kwenye maji yaliyotulia. Bwana samaki aliinama, jaketi lake likimpanda hadi masikioni, akachota maji kwa viganja kati ya mizizi. Yalikuwa hai. Vitoto vya samaki vyembamba kama nyuzi, vyenye macho tu, vilizunguka kwenye mikono yake. "Perege," alisema. "Na hapa chini kuna kambale wadogo." Wengi wetu tulikuwa tumelalamika miaka mingi kwamba nyavu zinarudi tupu. Tulitazama vile viganja hadi maji yakavuja yakaisha.

Salehe alijikohoza. "Vizuri. Wazuri sana. Lakini mpunga wa watu nao unangoja, na hawa hawaubebi."

Alisema kweli, na mpaka leo sidhani ilikuwa vibaya kuisema. Nilifanya lile nililozoea: nikachomeka pondo. Upande wa kona ndefu, jirani na mikuyu, nikatangaza, "Hakuna mtu." Mbele kidogo, "Hakuna mtu." Tulipopita mwisho wa miti, "Kiuno." Halafu, "Goti." Boti ikakwaruza.

Salehe aliyatazama maji yale, kisha miti. Alikuwa amepita mto ule tangu ujana wake, hakuhitaji kuelezwa. "Kumbe hii miti ndiyo inayousukuma mkondo kule," alisema. "Mkondo unakula chini, kina kinabaki. Tukiikata, mchanga wote huu unahama." Akageuka kutazama kule tulikotoka. "Unahamia mlangoni kwetu."

"Kama zamani," Joha akasema, "mlipokuwa mnahamisha alama kila mwaka."

"Wewe zamani unaijua?"

"Nimesimuliwa mpaka nimeota mvi, Mjomba."

Watu wakacheka, ndege wakainuka tena, na katika kicheko kile mashoka yalirudishwa chini ya magunia. Tulikubaliana palepale majini mnayoyafuata hadi leo mkinung'unika: maji yakiwa mengi na mkia umefunikwa, tupite njia fupi kwa pondo, baada ya hodi; mchanga ukitokea, tuzunguke kona, mashine taratibu, hadi makinda yaruke.

Sitawadanganya kwamba uamuzi ule ulinifaa. Msimu ule nilipoteza wateja kwa malori, kama nilivyoogopa. Boti yangu ya pili niliipandisha nchi kavu isishuke tena; kuku wangu walitaga ndani yake kwa miaka, na nilijiambia kwamba angalau kuna kitu kinachotagwa salama. Fortunata alimaliza masomo kwa sababu nililima mpunga wa watu, na kwa sababu Salehe, bila kuniuliza, alinipangia shehena za karibu ambazo mashine ndogo ingeziweza. Niliposhukuru alisema, "Nyamaza, shemeji. Umenifanya niwe mtu wa kuwabishia viboko hodi, uzeeni." Na kina cha kona ile hakijapungua hata mwaka mmoja. Hakuna boti iliyokwama pale tangu siku hiyo, isipokuwa ile iliyoongozwa na mtu aliyekuwa anatazama simu. Jina namhifadhia. Anajijua, na anasoma haya.

Mnaniambia, "Bibi, dunia imebadilika." Imebadilika, wanangu. Mashine zenu zina nguvu ambazo Benedikto hakuota. Ila pengo la masika haya msilifikirie kama mlango. Mto unaojaribu pengo moja mwaka huu, mwakani utajaribu mawili, na mchanga ukianza kutembea hautachagua boti ya kijana na ya mzee.

Juzi nilimwomba Joha anipeleke. Nilikaa kwenye gunia kama abiria, nikajisikia mgeni, hadi aliponipa pondo. Mikono yangu sasa inatetemeka, na hodi yangu ilitoka kama ya mtoto. Tulingoja. Kwa kitambo mto ulikuwa mweupe na mtupu, nikadhani nimechelewa. Kisha kwenye njia fupi maji yalivimba, yakapumua. Nilimsikia Joha nyuma yangu akiitikia taratibu wimbo fulani wa kanisani, yeye Mwislamu, sauti ya pili peke yake. Alisema aliuzoea kwangu.

Tulipokuwa tunarudi, nilikata tawi nene la mkuyu kutoka mti uleule wa ukingoni. Liko kwenye ndoo ya maji mlangoni pangu, nalo limekwisha kutoa majani mawili. Mchanga ukitokea baada ya Pentekoste, njooni mlichukue, mkaligongomee kwenye pengo. Alama nyingine zote kateni kavu na mzichome ncha, kama alivyotufundisha Mzee Kandidi. Hili msilichome.

Na mkifika, zimeni mashine kwanza.